Printa ya Bei Rahisi: Je, Kikundi Chetu Kitaweza Kuilisha?



Vikundi vingi vya kujisaidia vimefika mahali ambapo karatasi haziishi. Leo ni fomu za basari za watoto, kesho ni kopi za vitambulisho za kupeleka benki, keshokutwa ni barua ya chifu na orodha ya wanachama. Kila mara mtu mmoja anatumwa mjini. Anapanda matatu, anapiga foleni pale saiba, na nauli inakuwa kubwa kuliko bei ya hizo kopi zenyewe. Halafu siku moja mwanachama anasimama mkutanoni na kusema, "Kwa nini tusinunue mashine yetu wenyewe? Nimeziona dukani, bei yake ni ndogo tu." Watu wanapiga makofi.

Somo hili ni la kusomwa kabla ya makofi hayo. Na kama mashine mmekwisha kuinunua, litawasaidia kukaa nayo vizuri. Jambo kubwa tunalotaka mshike ni moja: mashine hununuliwa mara moja, lakini hulishwa kila siku. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na penye hesabu mchukue kalamu na karatasi.

1. MASHINE HII NI NINI?

Wazee wetu wanakumbuka ile mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyokuwa katika ofisi za shule na parokia. Wengi waliiita Gestetner, kwa jina la David Gestetner aliyeianzishia kazi hiyo huko London miaka ya 1880. Karani alipiga taipu kwenye stensili, akapaka wino, akazungusha mpini, na mitihani ya shule nzima ikatoka.

Mashine ndogo tunayoizungumzia leo inafanya kazi tatu kwa pamoja. Inachapa barua kutoka kwa kompyuta au simu. Inatoa kopi: unaweka karatasi kwenye kioo, unafunika, unabonyeza. Na inaskani, yaani inapiga picha ya karatasi ili muitume kwa simu au kuiweka kwenye kompyuta. Ndiyo sababu watu huiita "tatu kwa moja".

Nyingi za bei ya chini hutumia wino wa maji. Ndani kuna kichwa cha kuchapia chenye vitundu vidogo sana, vidogo kuliko ncha ya sindano. Kichwa hicho hupita juu ya karatasi kwenda na kurudi, kikitupa matone madogo madogo ya wino. Kumbukeni habari ya vitundu hivyo, maana shida nyingi za mashine hii hutoka hapo.

Sasa, kwa nini inauzwa rahisi hivyo? Si kwa sababu mwenye kiwanda anatupenda sana. Mashine anakuuzia kwa faida ndogo, pengine hata bila faida, kwa sababu anajua kwamba utarudi kununua wino. Ni kama kuuziwa ng'ombe wa gredi kwa bei ya mbuzi, halafu ukaambiwa kwamba ng'ombe huyo anakula chakula cha duka moja tu. Swali la kujiuliza si bei ya ng'ombe. Swali ni bei ya chakula.

2. MAZUNGUMZO YA KUSOMA KIKUNDINI

Wawili wasome, mmoja awe mwenyekiti na mwingine awe mweka hazina. Bei zilizotajwa ni za mfano tu. Zenu mtaziuliza madukani.

Mweka hazina: Habari ya asubuhi, mama.

Mwenyekiti: Njema, mwanangu. Keti. Nimesikia umefika mjini kuangalia ile mashine.

Mweka hazina: Nimefika, mama. Iko ya shilingi 8,000. Inachapa, inatoa kopi, inaskani. Nikaona hii ni yetu kabisa. Tutoze watu shilingi 10 kwa kila ukurasa, pesa yetu itarudi upesi.

Mwenyekiti: Na wino wake ni pesa ngapi?

Mweka hazina: Katriji nyeusi ni shilingi 1,800.

Mwenyekiti: Inatoa kurasa ngapi?

Mweka hazina: Hilo sikuuliza. Lakini nilipiga picha ya kibandiko chake. Ngoja tuone... imeandikwa kurasa 120.

Mwenyekiti: Basi gawanya.

Mweka hazina: Elfu moja mia nane kwa mia moja ishirini... ni shilingi 15. Kila ukurasa unakula wino wa shilingi 15!

Mwenyekiti: Ongeza karatasi.

Mweka hazina: Rimu ni shilingi 650, ina karatasi 500. Hiyo ni shilingi moja na senti 30. Jumla shilingi 16 na senti 30.

Mwenyekiti: Na sisi tutauza kwa shilingi ngapi?

Mweka hazina: Kumi.

Mwenyekiti: Kwa hiyo kila mtu akija kutoa kopi, tunamwongezea shilingi sita na senti 30 mfukoni mwake na kumwambia asante.

Mweka hazina: Mama, kumbe tukimaliza rimu moja tutakuwa tumepoteza shilingi 3,150!

Mwenyekiti: Na wanachama watauliza pesa imeenda wapi. Watadhani umekula, kumbe ni mashine imekula. Rudi mjini, mwanangu. Usiulize tena bei ya mashine. Uliza bei ya ukurasa.

Mazungumzo yameishia hapo. Angalieni kwamba mweka hazina huyu hakuiba wala hakudanganya. Aliuliza swali moja badala ya mawili. Vikundi huvunjika kwa sababu ya hesabu kama hizi, kwa kuwa pesa ikipungua bila maelezo, watu huanza kutazamana vibaya.

3. "KURASA 120" MAANA YAKE NINI?

Ile namba iliyo kwenye boksi la katriji haitoki hewani. Kuna kipimo cha kimataifa cha kuhesabu kurasa. Lakini vipimo hivyo hutumia kurasa zenye maandishi ya kawaida, na viwanda vingi husema kwamba wino mweusi unafunika karibu sehemu 5 tu kwa kila 100 za karatasi. Hiyo ni kama barua fupi yenye nafasi nyingi nyeupe.

Kopi ya kitambulisho ina picha na kivuli. Cheti cha shule kina nembo na mapambo. Bango la harambee lenye picha kubwa linaweza kunywa wino wa barua nyingi. Basi mkiona boksi linasema kurasa 120, na kazi yenu kubwa ni vitambulisho na vyeti, msitegemee kufika 120.

Jambo lingine: katriji inayokuja ndani ya mashine mpya mara nyingi haijajazwa sawa na ile ya dukani. Usishangae ikiisha mapema. Ulizeni siku ya kununua.

4. NJIA NNE ZA KUCHAGUA

Njia ya kwanza: printa ya katriji. Bei ya kununua ni ya chini, bei ya ukurasa ni ya juu. Inafaa nyumba yenye kazi kidogo lakini ya kila wiki. Haifai biashara ya kopi.

Njia ya pili: printa ya matangi. Hii ina vyumba vya wino ubavuni, na wino hujazwa kutoka kwa chupa. Kampuni ya Epson ilianza kuuza za namna hii Indonesia mwaka 2010. Huko watu walikuwa wamechoka na bei ya katriji, wakawa wanatoboa printa zao na kuziunganisha na chupa kwa mipira midogo. Siku hizi kampuni kadhaa hutengeneza printa za matangi.

Tuchukue mfano. Mashine ni shilingi 24,000. Chupa ya wino mweusi ni shilingi 1,500 na inatoa kurasa 4,000. Wino wa ukurasa mmoja ni karibu senti 38. Ongeza karatasi, inakuwa karibu shilingi moja na senti 70. Ukilinganisha na zile shilingi 16 na senti 30, kila ukurasa unaokoa shilingi 14 na senti 60. Mashine hii imezidi ile ya kwanza kwa shilingi 16,000. Tofauti hiyo inarudi baada ya kurasa karibu 1,100, yaani rimu mbili na kidogo. Kumbe ile ghali ndiyo rahisi.

Na mkiuza kwa shilingi 10, kila ukurasa unawaachia shilingi nane na senti 30. Pesa ya mashine yote inarudi baada ya kurasa karibu 2,900. Mkipata kurasa 20 kwa siku, siku sita kwa wiki, hiyo ni karibu miezi sita. Lakini hapo hatujahesabu stima, fundi, wala asante ya yule anayekaa na mashine.

Njia ya tatu: printa ya leza. Hii haitumii wino wa maji bali unga unaoitwa tona, ambao huyeyushwa juu ya karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200. Tona haikauki hata mashine ikikaa mwezi bila kazi, na maandishi yake hayachuruziki yakinyeshewa. Lakini nyingi za bei ya chini huchapa nyeusi tu. Tena hula stima nyingi wakati wa kupasha joto, mamia ya wati, na nyingine hupita wati 1,000 kwa muda mfupi. Kama mnatumia sola yenye inveta ndogo, leza itaizima. Printa ya wino hutumia wati 10 au 20 hivi ikichapa, kwa hiyo kwenye sola ndogo ndiyo yenye nafuu.

Njia ya nne: msinunue. Ndiyo, hii nayo ni njia. Tuseme kikundi kinahitaji kurasa 30 kwa mwezi na hakitaki biashara. Pale mjini ni shilingi 300, na nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi ni shilingi 200. Jumla ni shilingi 500 kwa mwezi, 6,000 kwa mwaka. Mkinunua ile mashine ya shilingi 8,000, kurasa 360 za mwaka zitataka katriji tatu, shilingi 5,400, na karatasi za shilingi 468. Mwaka wa kwanza mtakuwa mmetumia karibu shilingi 14,000, na mwaka wa pili mtatumia karibu sawa na wale wanaopanda matatu. Kama ni hivyo, afadhali pesa hizo zinunue kuku, na yule anayeenda mjini abebe karatasi za watu wote kwa safari moja.

5. KUKAA NA MASHINE KILA SIKU

Tuseme mmehesabu, mmekubaliana, na mashine imekuja. Sasa mfuate haya:

(a) Ichapeni kila wiki. Wino wa maji ukikaa bila kazi hukauka katika vile vitundu. Chapeni angalau ukurasa mmoja wenye nyeusi na rangi zote kila wiki, hata kama hakuna mteja. Andikeni siku hiyo ukutani, mathalani kila Jumamosi. Ukurasa mmoja wa Jumamosi ni rahisi kuliko katriji nzima iliyoziba.

(b) Izimeni kwa kitufe chake. Usichomoe tu plagi ukutani. Ukibonyeza kitufe, kichwa cha kuchapia hurudi mahali pake na kufunikwa ili kisikauke. Ngoja sauti zitulie, ndipo uzime soketi. Stima ikipotea katikati ya kazi, iwasheni ikirudi kisha muizime kwa kitufe.

(c) Ilindeni na vumbi na wadudu. Mende, mchwa na mijusi wanapenda mahali pa joto na giza. Baada ya kazi, mashine ikiwa imezimwa na kupoa, ifunikeni kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Msiiweke karibu na jiko, dirisha la barabarani, wala mahali bati linapovuja.

(d) Tunzeni karatasi. Karatasi za kawaida ni za gramu 80, na rimu yake ya A4 ina uzito wa karibu kilo mbili na nusu. Mkinyanyua rimu mkaona ni nyepesi sana, ulizeni ni gramu ngapi, maana karatasi nyembamba hukwama. Wakati wa mvua karatasi hunyonya unyevu na kushikana. Ziacheni ndani ya kava lake, juu ya meza au rafu, si sakafuni. Kabla ya kuziingiza, zipepeteni kwanza zipate hewa.

(e) Safisheni kioo. Doa moja kwenye kioo litatokea kwenye kila kopi. Tumieni kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha mkauke. Mtu akileta karatasi yenye pini au ile dawa nyeupe ya kufutia, mngoje pini itolewe na dawa ikauke.

(f) Tumieni simu. Printa nyingi za sasa zina waifai yake zenyewe. Simu inaweza kuungana nayo moja kwa moja na kuchapa barua iliyo ndani ya simu, bila kununua bando. Kwa kikundi kisicho na kompyuta, hii ni nafuu kubwa.

(g) Bana wino. Kwenye mpangilio wa mashine kuna namna ya kuchapa kwa wino hafifu. Hiyo yatosha kwa nakala za mkutano. Barua ya kawaida chapeni kwa nyeusi peke yake. Lakini fomu ya basari, cheti au mkataba wa shamba vichapeni kwa wino kamili. Kopi isiyosomeka ikirudishwa, mtoto ndiye anayechelewa.

6. HABARI YA WINO

Katriji ya rangi mara nyingi ina rangi tatu katika nyumba moja: buluu, nyekundu na njano. Rangi moja ikiisha, zile mbili zilizobaki hazikusaidii sana, na katriji nzima hubadilishwa. Printa nyingine hugoma hata kuchapa nyeusi kama rangi imeisha. Kabla ya kununua, muulizeni mwenye duka: "Nyeusi ikibaki peke yake, itafanya kazi?"

Wapo watu wa kujaza wino kwa sindano. Kazi hii inawezekana, na imewasaidia wengi, lakini ina masharti. Wino uwe wa aina inayokubaliwa na mashine hiyo. Katriji isiwe imekauka. Na msiweke kamwe wino wa chupa yoyote kwenye tangi lolote eti kwa sababu zote ni nyeusi. Wino mbaya ukiziba kichwa cha printa ya matangi, bei ya kukibadilisha yaweza kukaribia bei ya mashine.

Jueni pia kwamba katriji nyingi zina chipu, na mashine iliyounganishwa na intaneti yaweza kubadilishiwa programu bila ninyi kujua. Septemba 2016 printa nyingi za HP duniani zilikataa ghafla katriji za watengenezaji wengine ambazo jana yake zilikuwa zikikubaliwa. Watu walilalamika sana, na kampuni ikatoa programu ya kuondoa kizuizi kwa wale walioitaka. Kwa hiyo mkitumia wino wa kujaza, muulizeni fundi jinsi ya kufunga mabadiliko hayo ya programu.

Mwisho, wino mwingi wa rangi huchuruzika ukipata maji. Barua yoyote inayosafiri wakati wa mvua itieni ndani ya mfuko wa nailoni.

7. MASHINE IKIKATAA

Maandishi yana mistari meupe. Vitundu vimeanza kuziba. Mashine ina namna ya kujisafisha. Ifanyeni mara moja, muangalie, na ikibidi mara ya pili. Msirudie mara kumi, kwa sababu kujisafisha huko hula wino mwingi, na wino huo unaenda kwenye sponji lililo chini ya mashine. Sponji likijaa, mashine yenyewe itasimama na kudai fundi. Baada ya mara mbili, iacheni ipumzike mpaka kesho, kisha mjaribu tena.

Karatasi imekwama. Zimeni kwanza na mchomoe plagi. Vuteni kwa mikono miwili, polepole, kuelekea upande ambao karatasi ilikuwa inakwenda. Hakikisheni hakuna kipande kilichobaki ndani. Usitumie kisu.

Mashine ya matangi inahamishwa. Ibebeni ikiwa imekaa sawasawa, kama unavyobeba sufuria ya mchuzi. Ikiinamishwa, wino humwagika ndani.

Taa nyekundu haizimiki. Andikeni namba iliyotokea kwenye kioo chake kidogo, mkampigie fundi na kumsomea namba hiyo kabla ya kulipa nauli ya kumleta.

8. SIRI ZA WATU

Mtu anayekaa na mashine hii anaona mambo mengi: vitambulisho, barua za hospitali, hati za mashamba, matokeo ya mitihani. Hii ni amana. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za mtu haziwezi kutumiwa kiholela. Kopi ya kitambulisho ikianguka mikononi mwa tapeli, anaweza kujaribu kuandikisha laini ya simu kwa jina la mwenyewe. Siku moja polisi wanakuja kumwuliza mama mzee habari za wizi asioujua.

Kwa hiyo wekeni kanuni hizi ukutani:

Kopi iliyoharibika ichanwe vipande vidogo mbele ya mwenyewe, au ichomwe. Isitumiwe kufungia mandazi wala kuandikia hesabu upande wa nyuma.

Picha iliyoskaniwa ifutwe kwenye simu au kompyuta mteja akishapata kazi yake.

Kabla mteja hajaondoka, funua kifuniko. Cheti halisi husahaulika pale kwenye kioo mara nyingi kuliko mnavyofikiri, na mwenyewe hukumbuka akiwa ameshafika mbali.

Hakuna kufuta jina, kubadilisha alama wala kubandika picha ya mtu mwingine kwenye cheti. Hiyo ni kughushi, na ni kosa la jinai. Hata kama anayeomba ni ndugu, hata kama analia. Hakuna pia kutoa kopi za noti za pesa, wala za kitabu kizima cha dukani, maana mwandishi naye ana haki yake.

9. DAFTARI LA MASHINE

Nunueni daftari moja la shilingi chache. Chora safu tano: tarehe, jina la kazi (si jina la siri ya mtu), idadi ya kurasa, pesa iliyopokewa, na sahihi. Kurasa zilizoharibika na ule ukurasa wa Jumamosi ziandikwe pia. Siku ya kubadilisha wino, andika kwa kalamu nyekundu.

Mwisho wa mwezi mweka hazina ajumlishe. Wino mmoja ulitoa kurasa ngapi hasa? Gawanyeni bei kwa kurasa hizo. Sasa mna bei yenu ya kweli, si ile ya boksi. Kama bei ya kuuza iko chini yake, ipandisheni au muache biashara hiyo. Na kutoka kwa kila ukurasa mtoe shilingi moja muiweke kando kwa ajili ya fundi na mashine ijayo. Mashine hii haitaishi milele. Kikundi kisichoweka akiba ya mashine kitarudi kupitisha kofia.

Mwanachama asitumie mashine bure. Hapa ndipo vikundi hukwaruzana. Mwanachama anaweza kupunguziwa, lakini asilipe chini ya bei ya wino na karatasi. Akipewa bure, wenzake ndio wanaomlipia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwezi uliopita kikundi chetu kilitumia pesa ngapi kwa kopi na kuchapa? Na nauli je?

2. Ni watu wangapi katika kijiji chetu wanaoenda mjini kwa kazi hiyo? Tumewauliza, au tunakisia?

3. Kati ya zile njia nne, ni ipi inatufaa, na kwa nini?

4. Nani atakaa na mashine? Tunamwamini na siri zetu? Akiugua, nani atashika nafasi yake?

5. Tufanye nini mwanachama akikataa kulipa?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Watu wawili, si mmoja, waende kwenye maduka matatu tofauti. Waulize mambo manne na kuyaandika: bei ya mashine, bei ya wino, kurasa za wino huo, na kama wino huo unapatikana mji wa karibu mwaka mzima. Wagawanye bei ya wino kwa kurasa palepale dukani. Mkutano ujao waandike ubaoni ile bei ya ukurasa mmoja peke yake, bila kutaja kwanza bei ya mashine, ndipo wanachama wapige kura.